Mantiki ya fazi kukadiria upotevu wa mawimbi ya simu: Usangu vipimo vinazidi kwa 36 dB, Uyole–Tukuyu mfumo haueleweki

MasafaUyole

Wakuu, heshima kwenu.

Natengeneza mfumo wa mantiki ya fazi (fuzzy logic: kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa kiasi fulani, si ndiyo au hapana tu) wa kukadiria upotevu wa mawimbi njiani, yaani kutoka antena ya mnara hadi kwenye simu. Eneo ni Mbeya. Nimechukua njia mbili zisizofanana kwa makusudi: tambarare ya Usangu kuanzia Igurusi, Chimala hadi Rujewa, na barabara ya milimani ya Uyole, Isyonje, Kiwira hadi Tukuyu.

Mfumo ni wa aina ya Mamdani (tokeo la kila kanuni ni seti ya fazi, si namba moja). Maingizo ni matatu: umbali (0 hadi 20 km), urefu wa mnara (20 hadi 60 m) na masafa (800 na 1800 MHz). Kila ingizo lina seti tatu, mchanganyiko wa pembetatu na trapeza, kwa hiyo kanuni ni 27. Tokeo ni upotevu kati ya 80 na 160 dB, seti tano za pembetatu zenye vilele 80, 100, 120, 140 na 160. Namba ya mwisho naipata kwa kitovu cha eneo la umbo la tokeo (centroid).

Vipimo ni RSRP ya LTE (nguvu ya ishara rejea ya mtandao wa 4G inayoifikia simu), chaneli ya 10 MHz, vimerekodiwa na simu ya Android iliyofungwa kwenye dashibodi, vioo vimepandishwa, usomaji mmoja kila sekunde. Upotevu nimeupata hivi: 46 dBm ya mnara, jumlisha 15 dBi za antena, toa RSRP.

Kinachonishinda:

Kwanza, Usangu hakuna mlima wowote katikati, ila vipimo vinazidi fomula ya Hata (jina la fomula ya kukadiria upotevu kwa umbali, masafa na urefu wa antena) ya eneo la wazi kwa karibu 36 dB, karibu na mnara na mbali vilevile.

Pili, tokeo la mfumo halivuki 153 dB wala halishuki chini ya 87, na linapanda kwa ngazi badala ya mteremko.

Tatu, kati ya Isyonje na Kiwira kuna sehemu mbili zilizo umbali uleule kutoka mnara uleule lakini zinapishana kwa dB 30. Mfumo unazipa jibu moja.

Niongeze kanuni? Nihamie ANFIS (mfumo wa fazi unaojifunza wenyewe kutoka kwenye data)? Na mvua ya Tukuyu niiweke kama ingizo la nne?

---

Fundi_Minara

Mkuu, usiguse kanuni hata moja kabla ya kurekebisha hesabu ya upotevu. Hizo 36 dB za Usangu hazitokani na ardhi wala na mantiki ya fazi. Zimo ndani ya jedwali lako la vipimo.

RSRP si nguvu yote inayoifikia simu. Ni wastani wa nguvu ya kibebeo kidogo kimoja cha ishara rejea, chenye upana wa 15 kHz. Hiyo 46 dBm ni nguvu ya chaneli nzima. Chaneli ya 10 MHz ina vibebeo vidogo 600, na 10·log10(600) ni 27.8 dB. Kwa hiyo kila kibebeo kinatoka na 46 − 27.8 = 18.2 dBm, na hiyo ndiyo namba inayolingana na RSRP. Chaneli ya 5 MHz ina vibebeo 300, unatoa 24.8 dB. Ya 20 MHz ina 1200, unatoa 30.8 dB. Minara ya njia moja inaweza kuwa na upana tofauti, hivyo angalia kila sekta peke yake.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Kama 46 dBm ni jumla ya milango miwili ya antena, kila mlango una 43 dBm, na ishara rejea ingekuwa 15.2 dBm. Lakini waendeshaji wengi huipandisha ishara rejea kwa 3 dB, na unarudi palepale 18.2. Usikisie. Mnara wenyewe huitangaza namba hiyo kwenye ujumbe wa SIB2, kigezo kinaitwa referenceSignalPower, kwa dBm isiyo na desimali. Programu ya uchunguzi inayosoma ujumbe wa tabaka la tatu itakuonyesha. Ukiona 18 pale, hesabu yako imekaa sawa.

Baada ya kutoa 27.8 kwenye 36 zinabaki kama 8 dB. Hizo ni bati la gari, vioo na antena ndogo ya simu. Suluhisho zuri ni antena ya nje juu ya paa yenye geini (kiasi antena inavyokuza ishara) inayojulikana. Ukikosa, simamisha gari sehemu kadhaa zilizo wazi, pima ndani, kisha pima nje palepale simu ikiwa mkao uleule, chukua tofauti ya katikati uitumie kama namba moja isiyobadilika. Usihamishe simu kutoka dashibodi kwenda mfukoni katikati ya kazi, maana mwili wa mtu nao unakula dB kadhaa.

Hesabu kamili kwa RSRP ya −98 dBm inakuwa hivi, kwa kitengo cha redio kilichofungwa juu mnarani:

18.2 (ishara rejea) + 15 (geini ya antena) − 0.5 (viunganishi) − 8 (gari na simu) + 98 = 122.7 dB

Kwa njia yako ingekuwa 46 + 15 + 98 = 159 dB, ambayo imeshagonga paa la tokeo lako la 160. Kama kitengo cha redio kiko chini na fida ndefu (kebo ya kupeleka mawimbi kwenye antena) inapanda mnara, hiyo 0.5 inakuwa 2 hadi 3 dB. Uliza, au tazama kwa macho: masanduku nyuma ya antena maana yake redio ziko juu.

Halafu tumia simu ileile hadi mwisho. Viwango vya 3GPP (chombo cha viwango vya mitandao ya simu) vinairuhusu simu kukosea RSRP kwa hadi ±6 dB katika hali ya kawaida. Simu mbili tofauti zinaweza kukuletea "mlima" ambao haupo.

Jambo la mwisho: Hata inafanya kazi kati ya 150 na 1500 MHz. Kwa vipimo vya 1800 tumia upanuzi wa COST 231, unaoanzia 1500 hadi 2000 MHz. Zote mbili zinaanza km 1, na zinataka antena ya mnara iwe kati ya m 30 na 200. Mnara wako wa m 20 uko nje ya mipaka.

---

mwl_Ishara

Fundi amemaliza la kwanza. Naingia kwenye la pili na la tatu, kwa sababu yote mawili yana mzizi mmoja.

Tokeo kugota 153 ni jiometri tupu. Seti yako ya juu ni pembetatu yenye pembe 140, 160 na 160. Kitovu chake kiko (140 + 160 + 160) ÷ 3 = 153.3. Kanuni yake hata ikiwaka kwa uzito wote, kitovu hakiwezi kupita hapo. Chini ni (80 + 80 + 100) ÷ 3 = 86.7. Ngazi nazo zinaletwa na trapeza: ukiwa kwenye bapa la juu la trapeza, umbali unabadilika lakini uanachama (kiasi cha kuwa ndani ya seti) haubadiliki, hivyo tokeo linatulia mpaka uingie kwenye mteremko. Isitoshe umbali umeuweka kwa kilomita. Upotevu unafuata logi ya umbali: kutoka km 1 hadi 2 unapoteza dB sawasawa na kutoka km 10 hadi 20. Kwenye mhimili wa 0 hadi 20, kilomita za mwanzo zenye badiliko kubwa zimebanwa ndani ya seti moja.

Ungeweza kutanua mhimili wa tokeo na kuweka logi, na mfumo ungetulia. Lakini bado ungekuwa unafundisha kanuni 27 kitu ambacho Hata anakisema kwa mstari mmoja. Umbali unaujua kwa usahihi wa mita chache. Masafa unayajua kabisa. Urefu wa mnara unaujua. Vitu hivi havina ufazi wowote, na kuvigawa kuwa "karibu, wastani, mbali" ni kutupa taarifa uliyonayo. Kinachojulikana kwa hakika kiingie kwenye fomula. Kinachojulikana kwa kukadiria, yaani mgongo wa mlima na miti, hicho ndicho cha mantiki ya fazi.

Kwa hiyo mfumo uwe: upotevu = msingi + rekebisho la fazi.

Msingi ni Hata ya eneo la wazi. Kwa 800 MHz, antena m 40, simu m 1.5, umbali km 5, unapata 119.4 dB. Jiridhishe kwamba programu yako inatoa namba hiyo kabla ya kuendelea. Upotevu wa anga tupu kwa umbali huohuo ni 104.5 dB, na Hata ya mjini ni 147.4. Ukiona 147 ujue umesahau kipengele cha eneo la wazi.

Rekebisho lichukue maingizo mawili tu.

La kwanza ni v, kipimo cha kuzibwa na ukingo. Chora mstari kutoka antena hadi simu juu ya ramani ya miinuko, tafuta mgongo unaoziba zaidi, chukua h yake juu ya mstari (hasi ikiwa uko chini ya mstari), d1 na d2 kwa mita kutoka kila upande, na λ ni urefu wa wimbi:

v = h · √( 2(d1 + d2) / (λ · d1 · d2) )

Upotevu wa ukingo mkali, kwa fomula ya ITU-R P.526 inayotumika v ikizidi −0.78, ni:

J = 6.9 + 20·log10( √((v − 0.1)² + 1) + v − 0.1 )

Mfano: mgongo unazidi mstari kwa m 40, uko km 3 kutoka mnarani na km 2 kutoka kwenye simu. Kwa 800 MHz λ ni 0.375 m, v ni 2.67, upotevu wa ziada 21.4 dB. Kwa 1800 MHz, mgongo uleule, v ni 4.0 na upotevu 24.9 dB. Hapo ndipo zilipo dB 30 zako za Isyonje na Kiwira: sehemu moja inaonana na mnara, nyingine iko nyuma ya mgongo na pengine nyuma ya miti pia. Umbali hauwezi kukuambia hilo, na hakuna idadi ya kanuni itakayouwezesha.

Utauliza, kama fomula ipo, fazi ya nini? Kwa sababu h yenyewe ina mashaka. Ramani ya SRTM (ramani ya miinuko iliyopimwa kwa rada) ina chembe za m 30, na lengo lake la usahihi wa kimo lilikuwa m 16 kwa asilimia 90 ya sehemu. Katika mfano huu kila mita 10 za h ni 0.67 za v. Chukua mgongo ulio sawasawa na mstari: J ni 6 dB. Ramani ikiwa imekosea m 10 kwenda chini au juu, jibu la kweli liko popote kati ya 0.8 na 11.6 dB. Kuandika "6.03 dB" hapo ni kujidanganya. Na migongo ya Uporoto ni ya duara, mara nyingi miwili au mitatu kwa mfululizo, ilhali fomula inadhani kisu kimoja. Seti zinazopishana zinaeleza hali hiyo kwa uaminifu zaidi, na data ya eneo inazirekebisha.

Ingizo la pili ni kina cha miti kwa mita kwenye sehemu ya mwisho ya mstari, upande wa simu.

Seti za v ziwe tano, pembetatu zenye vilele −1 (wazi), 0 (inagusa), 1 (imezibwa), 2.4 (kivulini) na 6 (kivuli kizito). Kila pembetatu ishuke hadi sifuri penye kilele cha jirani yake, ili jumla ya uanachama iwe 1 daima. Nje ya −1 na 6 acha bapa. Seti za miti ziwe tatu: hakuna (0 m), kiasi (14 m), nzito (100 m). Kanuni zote ni 15.

Tumia Sugeno yenye namba moja kwa kila kanuni, usitumie Mamdani. Tokeo ni wastani wa namba hizo kwa uzito wa kuwaka kwake, kwa hiyo linafika hadi kwenye namba ya kanuni ya mwisho bila kugota njiani. Namba za kuanzia bila miti ni 0, 6, 14, 20.5 na 28.4 dB, moja kwa moja kutoka J. Kwa miti tumia fomula ya Weissberger ya upotevu kwenye majani: kwa 800 MHz, m 14 za majani mazito ni 5.9 dB na m 100 ni 18.7 dB. Kwenye seti ya wazi na ya kugusa jumlisha zote. Kwenye kivuli usijumlishe zote, maana wimbi linateremka kutoka juu ya mgongo na linapita miti michache kuliko mstari ulionyooka unavyoonyesha. Nusu ni mwanzo mzuri. Fomula hiyo ya miti inaishia m 400, na msitu ukiwa mrefu kiasi hicho wimbi hupita juu ya vilele, hivyo usiinyooshe zaidi.

Kisha fundisha. Tokeo la Sugeno ni jumla ya (uzito × namba ya kanuni), kwa hiyo namba 15 zinapatikana kwa mraba mdogo kabisa wa kawaida (least squares): safu 15 za uzito, upande wa pili (upotevu uliopimwa − msingi). Ongeza adhabu inayozivuta namba kurudi kwenye namba za kuanzia. Kanuni yenye data nyingi itajisogeza. Kanuni isiyo na data, mathalani "kivuli kizito na miti mizito", itabaki na fizikia badala ya kurukia −40 dB. Kanuni ambayo haijawaka kwa uzito wa nusu na zaidi kwenye sehemu 30 hivi, usiamini ilichojifunza.

ANFIS baadaye. Jang aliitoa 1993, na inasogeza maumbo pamoja na namba za kanuni. Kwa data ya njia mbili itakariri barabara, na mara nyingi utakuta kilele cha "inagusa" kimevuka "imezibwa", halafu majina ya seti yanakuwa hayana maana tena. Ukiitumia, gandisha maumbo.

Mvua isiingie. Kwa 800 MHz hata mvua ya mm 100 kwa saa inakula kama 0.002 dB kwa kilomita. Mvua inasumbua viungo vya maikrowevu vya minara, GHz 10 na kwenda juu. Kinachobadilika kwa simu ni majani yaliyolowa, na migomba ya Rungwe ina majani mapana. Rekodi tu kama majani yalikuwa makavu au yamelowa siku ya kupima, utenganishe data hizo mbili.

---

Hamsini_na_Saba

Naongeza la data, maana mfumo mzuri juu ya data mbovu unatoa ramani nzuri ya uongo.

Usomaji mmoja kwa sekunde kwenye kilomita 50 kwa saa ni usomaji mmoja kila m 14. Kwa 800 MHz, kipimo cha Lee (umbali wa kuchukulia wastani ili kuondoa mitikisiko ya haraka ya ishara) cha urefu wa mawimbi 40 ni m 15, na ndani yake alitaka sampuli 36 hadi 50. RSRP ya simu imeshafanyiwa wastani kwenye chaneli nzima na kwa muda, kwa hiyo huhitaji zote hizo, lakini moja haitoshi. Endesha kilomita 20 kwa saa pale barabara inaporuhusu, kusanya kwa vipande vya m 50, utapata usomaji kama tisa kwa kipande. Usitumie vipande vya m 200 milimani. Kona moja ya kupanda Isyonje inakutoa kwenye mwanga wa mnara na kukuingiza kivulini ndani ya m 100.

Mgawanyo wa data ya kufundishia na ya majaribio ndio unaoharibu kazi nyingi za aina hii. Ukichanganya mistari yote na kuchota asilimia 30 kwa bahati nasibu, kila kipimo cha majaribio kina jirani yake wa m 50 ndani ya mafunzo. Mfumo unakariri na RMSE (kipimo cha ukubwa wa makosa kwa wastani) inaonekana ya kupendeza. Gawa kwa ardhi: fundisha Uyole hadi Isyonje, jaribu Kiwira hadi Tukuyu, kisha geuza. Usangu ibaki peke yake kama kipimo cha msingi, kwa sababu pale rekebisho linatakiwa kuwa karibu na sifuri. Lisipokuwa sifuri, rudi kwa Fundi_Minara.

Mahali pa mnara: usitumie mahali pa kukisia ambapo programu za simu hukuonyesha. Hayo ni makisio kutokana na watumiaji, na barabarani yanaangukia barabarani. Gawa namba ya utambulisho wa seli ya LTE kwa 256. Sehemu nzima ni namba ya kituo, salio ni namba ya sekta. Kwa namba hiyo panga sekta za kituo kimoja pamoja, kisha nenda kachukue GPS chini ya mnara wenyewe. Kosa la m 300 kwa umbali wa km 10 si kitu kwenye logi, ila linahamisha mstari wako upande wa pili wa mgongo, na v yote inakuwa ya mlima mwingine.

Tambarare nayo ina chake. Kwa Usangu weka mviringo wa dunia: kimo kinachoongezeka katikati ni d1·d2/17, kilomita ziingie, mita zitoke. Kwa njia ya km 5 ni chini ya nusu mita. Kwa km 20 katikati ni 5.9 m, kwa km 30 ni 13.2 m, na hapo v inaanza kusogea bila mlima wowote.

---

MasafaUyole

Nashukuru sana wakuu. Mwalimu, kanuni 15 zimeeleweka na nitaanza nazo.

Yamebaki matatu. Moja: kuna antena iliyo juu mteremkoni upande wa Loleza, inaangalia mjini. Juu ya mitaa ya chini imeinuka kama m 300. Kwenye Hata niweke urefu gani, m 40 ya mnara au m 340? Mbili: nataka kupeleka mfumo Iringa, hasa Mafinga na msitu wa Sao Hill. Miti ya misonobari iko pia kwenye ramani ya SRTM? Tatu: kivulini simu inapoteza mtandao au inahamia seli nyingine, na safu inabaki tupu. Nizifute hizo?

---

mwl_Ishara

Urefu kwenye Hata ni urefu juu ya wastani wa ardhi kuanzia km 3 hadi 15 kuelekea upande wa simu, hivyo m 40 si sahihi. Lakini m 340 iko nje ya mipaka yake ya 200. Weka 200 kama kikomo kwenye msingi, kisha acha rekebisho lichukue tofauti. Kwa sehemu zinazoonana na antena hiyo moja kwa moja, ndani ya km 3, tumia upotevu wa anga tupu kama msingi. Hata haikutengenezwa kwa antena inayotazama mji kutoka juu.

---

Fundi_Minara

Kabla ya kulaumu njia, toa umbo la antena. M 300 juu na km 1.5 mbali ni pembe ya 11.3° chini ya usawa. Antena ya paneli ya 800 MHz ina upana wa wima wa kama 9° hadi 10° kati ya nusu nguvu na nusu nguvu. Ikiwa mwinamo ni 4°, mtaa huo uko 7.3° nje ya kilele cha boriti: geini yako ya 15 dBi haipo pale, na unaweza kuwa umeangukia kwenye pengo kati ya boriti kuu na ya pembeni. Simu itaonyesha ishara dhaifu mahali ambapo mnara unaonekana kwa macho. Mfumo wa fazi ukilishwa data hiyo utajifunza kwamba "wazi" maana yake upotevu mkubwa, na kanuni ya kwanza kabisa itaharibika.

Pata faili la umbo la antena kwa mtengenezaji, hesabu pembe ya wima na ya mlalo kwa kila kipimo, utumie geini ya pembe hiyo. Ukikosa faili, tupa vipimo vyote vilivyo zaidi ya 5° kutoka mwinamo na zaidi ya 45° kutoka mwelekeo wa sekta. Utapoteza data nyingi za mjini, na ni sawa.

---

Hamsini_na_Saba

Sao Hill: SRTM ilipimwa Februari 2000 kwa rada ambayo haifiki chini ya msitu mzito, kwa hiyo kimo unachokiona kina sehemu ya miti ndani yake. Na ni miti ya wakati ule. Tangu hapo vitalu vimevunwa na kupandwa upya, hivyo ramani inaweza kukuonyesha tuta mahali palipo na miche, au uwanda mahali palipo na misonobari iliyokomaa. Pale msitu ulipo kwenye ramani na ardhini, ukiweka v pamoja na kina cha miti unaihesabu miti mara mbili.

Njia inayofaa ni hii. Chukua picha ya karibuni ya setilaiti ya Sentinel-2, chembe za m 10, uchore mipaka ya vitalu vilivyosimama na vilivyovunwa. Ukingo unaoziba ukiwa ndani ya kitalu, hesabu v kwa ramani ilivyo na uweke kina cha miti sifuri kwa kitalu hicho. Kina cha miti kibaki kwa miti iliyo karibu na simu tu, m 400 za mwisho. Njia za kukatiza moto kati ya vitalu ziache wazi kwenye mchoro, maana barabara nyingi za pale zinapita humo na RSRP inapanda ghafla. Namba za kanuni za miti ulizofundisha kwa migomba na misitu ya Rungwe usizihamishe. Rudi kwenye namba za kuanzia, fundisha upya kwa data ya Mafinga. Namba za v bila miti unaweza kuzihamisha.

Safu tupu usizifute hata moja. Ukizifuta, kwenye kivuli vinabaki vipimo vyenye bahati tu, na mfumo utajifunza kwamba kivuli kina upotevu mdogo. Ndiyo sababu ramani nyingi zinaahidi mtandao mabondeni ambako haupo. Kwanza rekodi seli jirani, si ile inayohudumia peke yake, maana simu mara nyingi bado inaisikia seli ya kwanza baada ya kuhama. Kwa zinazobaki tupu, tafuta RSRP ya chini kabisa ambayo simu yako huripoti kwa utulivu kabla ya kupotea. Ikiwa ni −120 dBm, kwa hesabu ya Fundi kikomo ni 18.2 + 15 − 0.5 − 8 + 120 = 144.7 dB. Safu tupu inasema upotevu ni angalau huo.

Kwenye kufundisha fanya hivi: mzunguko wa kwanza zijaze 144.7, tafuta namba 15. Kisha kwa kila safu tupu weka kikomo au makadirio ya mfumo, lililo kubwa, ufundishe tena. Rudia mpaka namba zisisogee zaidi ya 0.1 dB. Kwenye majaribio usiziingize kwenye RMSE. Zihesabu pembeni: ngapi mfumo umesema kweli hakuna mtandao, na ngapi umesema upo. Na RMSE ya sehemu zenye mtandao ikishuka chini ya 6 dB milimani, kagua mgawanyo wako upya kabla ya kuamini, kwa sababu kivuli cha vitu vidogo visivyo kwenye ramani, nyumba, kichuguu, lori lililoegeshwa, kwa kawaida hukubakizia 6 hadi 10.